Kurudi Kwenye Pembe

Fundi wa kuchomelea hapa Jabe, mjini Bujumbura, hapimi pembe ya paa. Hana namna, maana paa lenyewe bado halipo. Anachoweza kupima ni vitu viwili tu: upana wa nyumba, na kimo ambacho mwenye nyumba anataka paa liinuke kutoka kichwani mwa ukuta hadi kileleni. Tuseme nyumba ina upana wa mita 6, nusu yake 3, na paa linapanda mita 1 na sentimita 20. Sasa vyuma vya kenchi vinatakiwa vikatwe mshazari, na mashine ya kukatia haijui mita wala sentimita. Ina kipimo cha duara kilichochorwa digrii, nayo inangoja kuambiwa ni ngapi.

Hapo ndipo kikokotoo kinapotolewa. Mara nyingi ni cha mtoto wa shule wa nyumba hiyo hiyo, Casio ambayo maandishi yamefutika kwenye vitufe vinavyobonyezwa sana na kubaki safi kwenye vile visivyoguswa. Kitufe cha tan kwa kawaida ni safi. Unagawanya 1.2 kwa 3, unapata 0.4. Unabonyeza SHIFT, kisha tan, unaandika 0.4, unabonyeza sawasawa. Kioo kinaleta 21.80140949.

Naipenda hesabu hii kuliko nyingine zote za trigonometria, na nitasema kwa nini. Darasani tunaanza na pembe: mwanafunzi anapewa digrii 30, anaambiwa atafute saini yake. Lakini nje ya darasa ni nani anayekupa pembe? Ulimwengu unakupa urefu, upana, kina, kivuli, kamba. Pembe imejificha ndani ya vipimo hivyo, na kazi ni kuirudia. Wakati wa majedwali ya tarakimu nne ilibidi upitishe kidole safu kwa safu ukiitafuta 0.4 miongoni mwa tanjenti, kisha utazame pembeni ni digrii ngapi na dakika ngapi. Kidole kilijifunza kwamba safari hii ni ya kurudi nyuma. Kitufe kimeficha safari hiyo, kwa hiyo anayekibonyeza lazima aibebe kichwani.

Fundi anatazama 21.80140949 na kuweka mashine kwenye 22. Yuko sahihi. Kwa nusu ya nyumba ya mita 3, kosa la digrii moja linahamisha kilele kwa karibu sentimita 6. Alichokiongeza yeye ni humusi moja ya digrii, yaani sentimita moja na ushei, na hiyo itamezwa na mshono wa kuchomelea. Tarakimu nyingine zote ni za kikokotoo. Kujua ziachwe wapi ni sehemu ya ufundi, na hakuna kitufe chake.

Juu ya kioo kuna herufi moja ndogo ambayo watu wengi hawaioni: D, R au G. Ni kipimo ambacho mashine inatumia kwa pembe: digrii, radiani au gredi. Ikiwa imewekwa R, ile 0.4 itakupa 0.3805, na hata asiyejua hesabu atashtuka, kwani paa la theluthi moja ya digrii ni sakafu. Ninayoiogopa ni G. Gredi ilizaliwa Ufaransa wakati wa Mapinduzi, walipotaka kila kitu kihesabike kwa kumi, pembe mraba nayo ikagawanywa mara 100 badala ya 90. Wapima ardhi wanaoitumia wanaiheshimu. Ila kikokotoo kilichoachwa kwenye G kitamwambia fundi wetu 24.22, na hiyo inafanana kabisa na jibu. Haipigi kelele. Mashine inawekwa, vyuma vinakatwa, na mteremko uliochorwa kwa digrii hizo ungefikisha kilele sentimita 15 juu ya kile mwenye nyumba alichokubali. Kimo cha mita 1.2 kikilazimishwa, miisho ya vyuma haikutani.

Dawa yake inachukua sekunde tatu. Kabla ya hesabu yoyote, uliza tanjenti kinyume ya 1. Mteremko unaopanda sawa na unavyokwenda mbele ni digrii 45, hilo kila fundi analijua kwa jicho. Kioo kikisema 45, endelea. Kikisema 50, umo kwenye gredi. Kikisema 0.785, umo kwenye radiani. Ningekuwa na uwezo ningelifanya zoezi hili liwe la kwanza kwa kila mtoto anayeshika kikokotoo cha kisayansi, kabla hata hajaambiwa trigonometria ni nini.

Kuna mtego mwingine kwenye maandishi yenyewe. Juu ya kitufe imeandikwa tan na kijinamba −1 kimepanda juu kidogo. Vitabu vya Kifaransa vinavyotumika katika shule zetu huandika arctan, na kwa maoni yangu vinafanya vizuri, kwa sababu mwanafunzi aliyefundishwa kwamba 5 yenye −1 juu yake ni moja ya tano atadhani hapa pia anaagizwa kugawanya moja kwa tanjenti. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa: moja linakupa uwiano mwingine, jingine linakurudisha kwenye pembe.

Na ile alama ya kosa ambayo watoto wanaichukia? Ngazi ya mita 2.5 imeegemezwa ukutani. Mtu anasema inagusa mita 2.7 juu. Gawanya, utapata 1.08. Omba saini kinyume. Kikokotoo kinakataa, kinaandika kosa. Hakijaharibika. Kinasema ukweli ambao mpimaji hakuuona: ngazi haiwezi kufika juu kuliko urefu wake, saini haivuki 1, basi rudi ukapime upya.

Ndani ya kiboksi hicho hakuna jedwali kubwa lililohifadhiwa, kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1959 mhandisi Jack Volder, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Convair huko Marekani, alichapisha njia ya kutafuta pembe kwa kujumlisha, kutoa na kusogeza tarakimu tu, aliyoibuni kwa ajili ya kompyuta ya kuongozea ndege. HP-35, kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kubebeka mfukoni, kilipotoka mwaka 1972 kilitumia mbinu ya ukoo huo huo. Fuata 0.4 yetu kwa njia ya Volder: anza na 45, imezidi, toa 26.57, unabaki na 18.43, imepungua; ongeza 14.04, ni 32.47, toa 7.125, ni 25.35, toa 3.58, ni 21.77. Kila hatua ni ndogo kuliko iliyotangulia, ikienda mbele na kurudi, mpaka inatua kwenye 21.80. Mashine haikuijua pembe. Iliikaribia.

Jabe ni ya Bwiza na imepakana na Buyenzi, mtaa wa Waswahili tangu enzi za ukoloni, kwa hiyo hapa pembe nyingine inatafutwa tofauti na ya paa: kibla, upande wa Makka ambao Mwislamu anauelekea anaposali. Watu wengi wakiulizwa Makka iko wapi huonyesha mashariki, kwenye milima iliyo juu ya mji. Tuulize kikokotoo. Bujumbura iko latitudo 3.38 kusini na longitudo 29.36 mashariki, Makka ni 21.42 kaskazini na 39.83 mashariki. Kanuni ya kibla ni mgawanyo. Juu inakaa saini ya tofauti ya longitudo, nayo ni 0.1817. Chini kuna sehemu mbili: kosaini ya latitudo yetu mara tanjenti ya latitudo ya Makka, halafu unatoa saini ya latitudo yetu mara kosaini ya ile tofauti. Sisi tuko kusini mwa ikweta, saini yetu ni hasi, kwa hiyo kutoa kunageuka kuwa kujumlisha, na chini inakuwa 0.4496. Uwiano ni 0.404. Tanjenti kinyume: digrii 22. Kibla cha Jabe ni kaskazini, kikiinama digrii 22 kuelekea mashariki, na uwiano wake umekaribiana ajabu na ule wa paa letu.

Katika karne ya 14, Shamsuddin al-Khalili, mtunza nyakati za sala wa Msikiti wa Banu Umayya huko Dameski, alitengeneza jedwali la kibla lenye majibu karibu 3,000, akiyakokotoa bila mashine yoyote. Ni moja ya kazi ninazozistahi kuliko nyingi zilizokuja baada yake. Lakini latitudo zake zinaanzia 10 kaskazini na kuishia 56. Muumini wa kandokando ya Ziwa Tanganyika hakumo. Leo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuikamilisha safu iliyokosekana mchana mmoja, akiketi kibarazani.

Ila awe macho, kwa sababu tanjenti kinyume hujibu kati ya −90 na 90 tu. Dira ina digrii 360, kwa hiyo kila jibu lina mwenzake upande wa pili, na kikokotoo hakikutajii. Mchukulie Mswahili anayeishi Maskati: latitudo 23.59, longitudo 58.41. Juu anapata −0.3186, chini −0.0198. Hasi kwa hasi zinafutana, uwiano unatoka chanya, na kioo kinasema 86.4, yaani mashariki. Akilifuata jibu hilo ataipa Makka mgongo. Habari yote ilikuwa kwenye zile alama mbili za hasi kabla hajagawanya: ya juu ilisema Makka iko magharibi yake, ya chini ilisema mstari unaelekea kusini kidogo, na kugawanya kukazifuta zote mbili. Chini ikiwa hasi, ongeza 180. Anapata 266.4, anageukia magharibi, karibu digrii tatu na nusu kusini.