Darasa Lililogeuzwa na Sarufi ya Kiingereza: Uhakiki kwa Kipimo cha Ankoro

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa mbinu za ufundishaji zinazosifiwa sana siku hizi ni ile ya darasa lililogeuzwa. Katika mbinu hii, maelezo ya somo ambayo kwa desturi hutolewa na mwalimu ubaoni huhamishiwa nyumbani kwa njia ya vidio, na mazoezi ambayo kwa desturi hufanywa nyumbani huletwa darasani. Vidio huitwa shirikishi pale inaposimama kila baada ya muda, ikamuuliza mwanafunzi swali na kungoja jibu kabla ya kuendelea. Makala haya yanakusudia kuipima mbinu hiyo katika ufundishaji wa sarufi ya Kiingereza, kwa kuzingatia mazingira ya Ankoro, mji ulio kwenye makutano ya mito Luvua na Lualaba katika mkoa wa Tanganyika, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

2.0 Chimbuko la mbinu na dhana ya nyumbani

Jina la mbinu hii lilienezwa hasa na Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia wa shule ya sekondari ya Woodland Park, Colorado, Marekani, walioanza kurekodi masomo yao mwaka 2007 na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 2012. Tatizo lililowasukuma lilikuwa la mahali pao: wanafunzi wengi walikosa vipindi kwa sababu ya safari ndefu za michezo. Hata huko, wanafunzi wasiokuwa na intaneti ilibidi wapewe masomo katika diski. Kwa hiyo, tangu mwanzo mbinu hii ilitegemea sharti moja lisilotajwa sana, yaani kwamba nyumbani pana chombo, umeme na nafasi ya kusoma.

Sharti hilo haliwezi kuchukuliwa hivihivi katika Ankoro. Simu yenye uwezo wa kuonyesha vidio, pale inapopatikana, huwa ni ya baba, ya mjomba au ya kaka mkubwa; haimngoji mwanafunzi. Aidha, jioni ya msichana anayetakiwa kuchota maji na kupika si sawa na jioni ya mvulana aliyeachiwa muda wake. Somo linalohamishiwa nyumbani hugawanywa upya kwa kufuata tofauti zilizomo nyumbani. Darasa, pamoja na msongamano wake, ndilo mahali pekee ambapo maelezo ya mwalimu huwafikia wote kwa wakati mmoja.

3.0 Kosa ambalo vidio hailioni

Hoja ya pili, ambayo ndiyo nzito zaidi kwa mwanaisimu, inahusu sarufi yenyewe. Tuchukue mfano wa wakati timilifu wa Kiingereza. Mwanafunzi anaandika: «I have eaten yesterday». Vidio shirikishi itamwambia kwamba amekosea, na pengine itarudia kanuni. Haitamuuliza sentensi hiyo imetoka wapi.

Katika Kifaransa, ambacho ndicho lugha rasmi na lugha kuu ya masomo ya sekondari, umbo moja la «j'ai mangé» hutumika pamoja na neno la jana bila tatizo. Mwanafunzi amefasiri umbo hilo neno kwa neno. Kiswahili sanifu, kinyume chake, kwa kawaida hutenganisha «nilikula jana» na «nimekula», na mgawanyo huo u karibu zaidi na ule wa Kiingereza. Ingeonekana basi kwamba njia fupi ya maelezo ni kupitia Kiswahili.

Lakini hata hapo pana tahadhari. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha eneo la Katanga ya zamani, -li- husikika mara nyingi mahali ambapo Kiswahili sanifu kingetumia -me-, na ukamilifu wa tendo hubainishwa kwa -sha-. Mwalimu anayeujua usemi wa wanafunzi wake ataanzia kwenye hiyo -sha-, avuke hadi -me-, kisha afike kwenye Kiingereza. Vidio iliyotungwa London au Nairobi haina habari ya daraja hilo. Inashirikisha kidole cha mwanafunzi, haishirikishi lugha yake.

4.0 Funzo kutoka Kenya

Ushirikishi haukuanza na vidio. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilijaribu mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya mwanzo ya shule za msingi. Sauti ya redio iliuliza, ikanyamaza, wanafunzi wakajibu kwa pamoja, nayo ikaendelea. Jambo la kuangaliwa ni mahali: chombo kilikuwa kimoja, ndani ya darasa, na mwalimu alikuwapo. Mradi ule ulibakiza kiini cha ushirikishi, yaani kituo na jibu, bila kudai kila nyumba iwe na chombo chake.

5.0 Hitimisho

Haifai kuitupilia mbali mbinu ya darasa lililogeuzwa. Dai lake kwamba muda wa darasani utumike kwa mazoezi kuliko kunakili kanuni ni dai la haki, na walimu wa Kiingereza wanapaswa kulisikia. Kinachokosolewa ni kuichukua pamoja na nyumba ilikozaliwa. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa nyenzo za kufundishia na pia masomo yenyewe. Hivyo mwalimu anayefafanua Kiingereza kwa Kiswahili haendi kinyume cha utaratibu. Simu moja ya mwalimu, iliyorekodi dakika chache za maelezo hayo na kusimamishwa mbele ya darasa zima, ingetenda kazi kubwa kuliko vidio mia zilizotumwa katika nyumba zisizoweza kuzifungua. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mbinu hii ni mgeni. Mwenyeji atapona iwapo tu mgeni atakubali kuuliza kwanza mwenyeji anaumwa nini.