Kung'oka na Kuteleza: Uhakiki wa Jaribio la Kung'oa kama Kipimo cha Mshikamano wa Polima ya Nyuzi na Zege

Tangu daraja la Ibach karibu na Lucerne, Uswisi, liimarishwe mwaka 1991 kwa mabamba ya polima ya nyuzi za kaboni, usalama wa kazi za aina hiyo umetegemea tabaka jembamba la gundi ya epoksi. Tabaka hilo hukaguliwa kwa kawaida kwa jaribio la kung'oa la kiwango cha ASTM D7522. Kisahani chenye kipenyo cha milimita 50 hugandishwa juu ya polima, duara hukatwa kukizunguka hadi ndani ya zege, kisha kisahani huvutwa wima hadi king'oke. Mwongozo wa ACI 440.2R hutaka uwezo wa zege kustahimili mvuto usipungue MPa 1.4. Sehemu hii inahoji kile ambacho tarakimu hiyo inathibitisha.

Hoja ya kwanza inahusu mwelekeo wa nguvu. Katika boriti inayopinda, bamba halivutwi wima. Hujaribu kuteleza sambamba na uso wa zege, na mpasuko husafiri hatua kwa hatua. Ndiyo maana Chen na Teng (2001) walijenga modeli yao juu ya urefu fanisi wa mshikamano: ukishapitwa, kuongeza urefu wa bamba hakuongezi nguvu ya mwisho. Kisahani kinachovutwa chote kwa pamoja hakiwezi kuidhihirisha tabia hiyo.

Hoja ya pili, iliyo nzito zaidi, inahusu mahali pa kuvunjika. Tuchukulie sampuli moja imevunjika ndani ya zege kwa MPa 1.9, na nyingine imebanduka kati ya gundi na zege kwa MPa 2.1. Kwa tarakimu tupu, ya pili ni bora. Kwa hakika, ya kwanza inaonesha kuwa gundi imeishinda zege, ilhali ya pili inatia shaka juu ya maandalizi ya uso. Wastani wa MPa 2.0 hufuta tofauti hiyo. Aidha, kisahani kikibanduka juu ya polima, tarakimu ni kikomo cha chini tu. Mshikamano wenyewe haujapimwa.

Hoja ya tatu ni muda. Unyevu wa muda mrefu unaweza kuhamisha uvunjikaji kutoka ndani ya zege hadi kwenye mpaka wa gundi, nalo joto hulegeza epoksi. Jaribio la siku ya makabidhiano halisemi lolote kuhusu hayo.

Haifuati kwamba jaribio litupwe. Vipimo vya kuteleza huhitaji sampuli maalumu za maabara, ilhali kung'oa hufanyika kwenye jengo lenyewe. Nafasi yake stahiki ni ukaguzi wa ubora wa kazi, si ukadiriaji wa uwezo wa kubeba mzigo. Kwa hiyo, ripoti itangulize aina ya uvunjikaji, tarakimu ifuate. Na wastani usichanganye sampuli zilizovunjika mahali tofauti. Bamba hubanduka ghafla, bila onyo la kutosha kwa walio chini yake.