Mlango Mgeni Usionekane Mgeni

Nyamasaria ndipo barabara ya Nairobi inapokutana na ile inayouzunguka mji wa Kisumu kupitia Kondele na Mamboleo hadi Kisian. Malori, matatu, tuktuk na Probox zilizosheheni mizigo hubanana hapo kutwa, na kwenye msongamano wa namna hiyo hapakosi mlango uliobonyea wala fenda iliyokwaruzwa. Fundi wa rangi hakosi kazi. Anayepata taabu ni mwenye gari aliyebadilishiwa mlango au boneti, anayetaka kipande hicho kilingane na gari zima, lakini hajui amtambue vipi fundi anayeiweza kazi. Wengi hutazama mng'ao. Mng'ao ni wepesi kupatikana, kwa sababu karibu klia yoyote, lile tabaka la juu lisilo na rangi, hung'aa siku ya kukabidhiwa gari. Kinachowatenga mafundi ni rangi iliyo chini ya klia.

Anza na namba. Magari yetu mengi yametoka Japan yakiwa yametumika, na kila moja huja na kibati chenye namba ya rangi, mara nyingi chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa Toyota tafuta mstari wa C/TR: 1F7 ni fedha, 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni nyeupe ya lulu. Kwenye logbuku hizo mbili za mwisho zote ni nyeupe tu, lakini kwa fundi ni kazi mbili zisizo na udugu. Nyeupe ya kawaida ni rangi moja. Ya lulu ina tabaka tatu: nyeupe ya msingi, kisha tabaka jepesi la chembe za lulu linalopitisha mwanga, kisha klia. Kila mkono (mpako) mmoja wa ziada kwenye tabaka la katikati huibadilisha rangi. Fundi akikutajia bei ya "gari jeupe" kabla ya kutazama kibati, ana haraka kuliko ujuzi.

Namba yenyewe ni mwanzo tu. Rangi ya namba moja, ikitoka viwanda tofauti au miaka tofauti, huwa na vitofauti vyake, na mchanganyaji mwenye vifaa kamili huwa na fomula kadhaa za namba hiyohiyo. Halafu kuna jua la huku kwetu, ambalo huifubaza rangi mwaka baada ya mwaka, nyekundu hasa. Kwa hiyo fundi makini hufungua kile kifuniko cha nje cha tangi la mafuta akakibeba hadi duka la rangi. Kabla ya hapo hukisugua kwa polishi mpaka ukungu wa juani uondoke. Akikipeleka na uchafu wake, mchanganyaji ataufananisha uchafu, na siku utakapoosha na kupiga gari lako polishi, mlango mpya utajitokeza wenyewe.

Usidanganyike na mlango wa ex-Japan wa rangi ileile. Bati lake ni la asili na mara nyingi hukaa vizuri kuliko la kuiga, kwa hiyo ununue bila wasiwasi, lakini ule umeishi maisha ya gari jingine. Ufunge kwanza bila kuupiga rangi, usimame hatua kumi nyuma, nawe utaona.

Sasa tufike kwenye kitu ambacho mimi hukipima kabla ya kingine chochote: kadi ya majaribio. Fundi anayejiheshimu hagusi mlango wako kabla ya kupiga rangi kwenye kipande kidogo cha bati au kadi ngumu, kwa bunduki ileile ya rangi, presha ileile na thina ileile atakayotumia kwenye gari. Hupiga mikono mpaka msingi ufunikike kabisa, husubiri kikauke, kisha hukipaka klia. Klia hiyo ni ya lazima. Rangi isiyo na klia hudanganya jicho, na zile nzito huonekana kukolea zaidi zikishaipata. Kwa nyeupe ya lulu kadi huwa na ngazi: sehemu moja mkono mmoja wa lulu, nyingine miwili, nyingine mitatu, ili ajue gari lako linataka mingapi. Ndipo huibandika kadi ubavuni mwa gari, penye rangi iliyosafishwa, na kukuita uje utazame naye.

Na wewe utazame kwa zamu. Kwanza simama mbele yake sawasawa. Kisha sogea pembeni mpaka macho yako yalale karibu na bati, utazame rangi kwa mshazari. Hapo ndipo rangi za metali zinapofichuka. Ndani yake mna vichembe bapa vya alumini, na namna vinavyolala ndiyo huamua gari linaonekanaje. Ni kama omena walioanikwa ufukweni Dunga: wakitandazwa vyema wanalirudisha jua kama kioo, wakirundikana wanakuwa weusiweusi. Fundi akiipiga rangi kavukavu, bunduki ikiwa mbali au hewa ikiwa nyingi, vichembe hulala bapa juu, kipande kikang'aa mbele na kufifia ubavuni. Akiimwaga ikawa majimaji, vichembe huzama na kusimama ovyo, kipande kikawa kizito mbele na cheupe ubavuni. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kutumia kopo moja wakatoa rangi mbili. Mteja anayemlaumu mchanganyaji kila mara amesahau kwamba nusu ya rangi ya fedha iko kwenye kifundo cha mkono wa fundi.

Zingatia saa pia. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na jua la saa sita hukaa utosini: boneti inawaka huku milango ikipata mwanga wa kuparaza tu. Saa mbili hadi saa nne asubuhi jua huja kwa upande, likaionyesha milango ilivyo. Kisha ipeleke kadi kivulini, na ukiweza, chini ya taa. Zipo rangi mbili zinazolingana kabisa juani na kuachana chini ya taa ya dukani, kwa kuwa zimechanganywa kwa viungo tofauti.

Hata kadi ikikubali, bado kuna jambo linalowagombanisha mafundi na wateja kila siku, na hapa mimi niko upande wa fundi. Atakwambia: "Bosi, mlango huu wa nyuma nao lazima niuguse." Nawe utaona anataka kukuongezea gharama, maana mlango huo haukuumia. Usimkatalie. Jicho la mtu hutambua tofauti ndogo sana mahali vipande viwili vinapokutana, na haliitambui tofauti hiyohiyo ikienea polepole kwenye urefu wa mlango. Fundi mzuri huimaliza rangi mpya kwenye mlango uliobadilishwa, akaivusha kwenye mlango wa jirani ikipungua kidogo kidogo mpaka iishe, kisha akaupaka mlango huo wa jirani klia yote, ukingo hadi ukingo. Hapo hakuna mstari wa kutazama. Kwa rangi ya fedha, kijivu cha metali au ya lulu, anayekuahidi kulinganisha kipande kimoja bila kukigusa cha jirani anakuuzia bahati. Nyeupe ya kawaida ndiyo huweza kusamehe.

Bampa nalo lina kanuni zake. Ni plastiki, linataka praima yake ya kushika plastiki, la sivyo rangi itabanduka kama ganda kwenye kijiwe cha kwanza cha njia ya Ahero. Tena lipigwe likiwa limesimama kama linavyokaa kwenye gari. Likilazwa chini, vichembe vya metali hulala kwa namna nyingine. Hata hivyo usimwonee fundi: magari mengi hutoka kiwandani bampa likiwa limetofautiana kidogo na fenda, kwa kuwa hupakwa kando.

Kuhusu kunyoosha bati na filla ya kujazia mbonyeo sina mengi. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ikishika vizuri pote isipokuwa mahali pamoja, hapo filla ni nene.

Hali ya hewa ya ziwani nayo inastahili kuzingatiwa. Mchana upepo hutoka ziwani, na mara nyingi mvua huufuata jioni, kwa hiyo vumbi la barabara na unyevu vyote humsubiri anayechelewa kuanza. Unyevu huo huingia kwenye kompresa, na maji yakipita hadi kwenye bunduki huacha vijishimo na malengelenge. Mwulize fundi anamwaga lini maji ya tangi lake na kama ana kichujio. Anayejibu papo hapo amekwisha kuungua na jambo hilo. Na asiimalize klia usiku chini ya taa: wadudu wa ziwani huijia taa kwa mawingu, na wakishanasa ni kusugua upya.

Uliza pia klia ni ya aina gani. Ile ya bei ya chini inayokauka kwa thina tu hupoteza mng'ao mapema na kuyeyuka petroli ikiidondokea. Ya 2K huchanganywa na hadina, yaani kigumishi, na hukauka ngumu. Hadina hiyo ina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo huharibu mapafu na huweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na kitambaa kilichofungwa puani hakizizuii hata kidogo. Karakana ambayo mpiga rangi ana barakoa ya vichujio ni karakana inayowaza mbali, na kwangu hiyo ni alama kubwa kuliko kibao chochote cha mlangoni.

Siku ya kuchukua gari, pitisha kidole kwenye mipira ya vioo na ndani ya kingo za milango. Ukungu wa rangi hapo ni dalili ya mtu aliyeona uvivu kufunika. Tazama taswira ya nguzo ya umeme kwenye mlango mpya na kwenye wa zamani. Kama kwenye mmoja imenyooka na kwenye mwingine imekunjamana, klia hazijalingana, na hilo hurekebishwa kwa msasa wa maji na polishi. Usipake nta kwa mwezi wa kwanza. Klia inahitaji nafasi ya kukomaa.

Kabla hujamaliza kulipa, mwombe fundi ile kadi ya majaribio, aandike nyuma yake namba ya rangi, fomula iliyotumika na idadi ya mikono, kisha uihifadhi pamoja na logbuku. Siku tuktuk nyingine itakapokuparuza Kondele, kazi itaanzia hapo.