"Ingizo Sanifu": Istilahi Inayopotosha

Katika darasa moja la kompyuta mjini Moshi tulipata kusoma maelezo ya kufundishia yaliyofasiriwa kwa Kiswahili. Humo, njia ambayo skripti hupokelea data kutoka nje imeitwa "ingizo sanifu". Mfasiri anastahili pongezi kwa kuthubutu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, uliwafaa waandikao barua na majedwali. Watunga programu bado wana upungufu mkubwa wa maneno. Hata hivyo, istilahi hii ina kasoro mbili.

Kwanza, "sanifu" humkumbusha msomaji Kiswahili sanifu, yaani kilichopimwa na kukubaliwa kuwa sahihi. Ndiyo maana baadhi ya wanafunzi walidhani kwamba data sharti isahihishwe kabla ya kuingia. Dhana yenyewe haina hukumu hiyo: njia hupitisha chochote kiletwacho. Pili, "ingizo" ni kile kinachoingia, ilhali kinachotajwa hapa ni mahali pa kuingilia.

Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro wanaielewa dhana hii bila kompyuta. Mfongo huleta maji kihambani. Mwenye kihamba hufungua mdomo wa mfongo zamu yake inapofika. Kama maji yametoka mtoni au chemchemini, migomba haiulizi. Vivyo hivyo skripti: data yaweza kutoka kwenye kibodi, kwenye faili, au kwenye programu nyingine, nayo huipokea kwa njia ile ile.

Istilahi isiyotofautisha njia na kipitacho huzaa makosa ya kazi. Katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, njia hii yaweza kufunguliwa kama faili kwa jina "/dev/stdin". Mwanafunzi aliyezoea jina hilo akihamia Windows, skripti yake hukwama, kwani huko faili hiyo haipo. Kumbe njia ipo kote kuwili: maktaba ya lugha ya C huipa namba 0, na lugha kama Python ina jina lake la kuitaja pasipo kujali mfumo. Aliyefundishwa kuwa hii ni njia ataitafuta njia. Aliyefundishwa kuwa ni ingizo atalitafuta faili.

Mifumo hutofautiana pia katika yale yapitayo. Anayeandika kwa kibodi huashiria mwisho kwa Ctrl-D katika Unix, na kwa Ctrl-Z kisha Enter katika Windows. Mstari wa Unix humalizika kwa alama moja, wa Windows kwa mbili. Neno "Rombo" likiandikwa katika faili la Windows, skripti ya Unix yaweza kulisoma likiwa na alama moja isiyoonekana mwishoni, ikakataa kwamba ni "Rombo". Hapo njia haina kosa. Kilichotofautiana ni ingizo. Mwalimu ataelezaje jambo hilo iwapo vyote viwili vina jina moja?

Tunapendekeza "mfereji wa kawaida wa ingizo". "Mfongo" tumeliacha kwa kuwa halijulikani na wengi nje ya Kilimanjaro. "Kawaida" yafaa kubaki, kwani skripti yaweza kufungua mifereji mingine. Tunakiri kwamba istilahi hii ni ndefu. Lakini huzaa wenzake bila taabu: mfereji wa kawaida wa tokeo, wenye namba 1, na mfereji wa kawaida wa makosa, wenye namba 2. "Sanifu" ikiendelezwa ingetupatia "kosa sanifu", na hapo kila mwalimu wa Kiswahili angecheka.

Walimu na wafasiri na waijaribu darasani kabla haijaingia katika orodha yoyote. Istilahi ikishachapishwa katika vitabu vya shule, kuiondoa ni kazi ngumu kuliko kuiunda.