Kusoma Kabla ya Kusahihisha: Kitabu cha André Yav katika Mafunzo ya Utafiti

Makala haya yanakusudia kukitazama upya kitabu kilichotolewa mwaka 1990 na Johannes Fabian, kwa msaada wa Kalundi Mango na pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, chini ya jina la History from Below. Kwa kawaida kitabu hiki hutajwa na wanahistoria na wanaanthropolojia. Sisi tutakipima kwa mizani nyingine: je, kinaweza kumfundisha mwanafunzi wa Kiswahili hapa Lubumbashi namna ya kutafiti mwenyewe na kutoa hukumu isiyo na upendeleo? Jibu letu ni ndiyo, tena kuliko vitabu vingi vinavyoitwa vya mbinu za utafiti. Lakini kinafundisha vizuri zaidi pale ambapo mwanafunzi anathubutu kukipinga.

Kiini cha kitabu ni maandishi yaliyopigwa taipu na kuenezwa mjini mwaka 1965, yenye kichwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mwandishi wake, André Yav, aliyaandika kwa niaba ya chama cha watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu, yaani maboyi. Licha ya kichwa chake, hayo si msamiati kwa maana ya kamusi. Ni historia ya mji na ya wakati wa ukoloni, inayosimuliwa na watu waliopika, waliofua na kufagia katika nyumba za wakubwa, na waliosikia mengi kuliko yaliyodhaniwa. Lugha yake ni Kiswahili cha Elisabethville. Tahajia yake hubadilika kutoka mstari hadi mstari; maneno hukatwa mahali pasipotarajiwa, au huunganishwa hata msomaji asijue lipi limeishia wapi.

Kabla ya kueleza manufaa ya maandishi ya namna hii, ni lazima tuutaje ugonjwa tunaotaka yautibu. Mwanafunzi wetu amelelewa na silabasi, yaani maelezo ya kozi yaliyopigwa chapa, anayoyanunua, anayoyahifadhi na kuyarudisha kwa mwalimu siku ya mtihani. Silabasi ina sifa zake, hasa penye uhaba wa vitabu, na si haki kuidharau. Lakini inamzoesha mwanafunzi kuamini kwamba elimu ni kitu kilichokwisha kukamilika, kinachosubiri kunakiliwa. Siku anapotakiwa kuandika tasnifu, huenda Katuba au Kenya, hurekodi mazungumzo ya wazee, kisha huketi kuyanukuu. Hapo ndipo jambo la hatari hutendeka bila mtu kuliona. Mzee alisema bintu. Mwanafunzi anaandika vitu. Mzee alisema kuyua; kwenye karatasi tunasoma kujua. Kitabu yangu imegeuka kitabu changu. Kisha katika sura ya tatu tunaarifiwa kwa lugha ya kisayansi kwamba upatanisho wa ngeli katika Kiswahili cha Lubumbashi unafanana na ule wa Kiswahili sanifu, isipokuwa makosa machache.

Matokeo hayo hayakutoka kwa mzee. Yametoka kwenye kalamu ya mtafiti. Tena mwanafunzi huyo hakusema uongo kwa makusudi: alimheshimu mzee, akaona ni aibu kumwacha aonekane mbele ya maprofesa akisema vibaya. Adabu yake imeharibu ushahidi wake.

Mfano mwingine ni neno njo. Yeyote aliyekulia katika mji huu anajua kwamba neno hili halitumiki ovyo. Hutokea mahali ambapo msemaji anachagua jambo moja kati ya mengine na kulitia mkazo. Lakini kwa kuwa linafanana na ndiyo, wanafunzi wengi hulihesabu kuwa matamshi mabovu ya neno hilo, wakaliandika upya au wakalifuta. Baadaye wanalalamika kwamba hawakupata cha kusema juu ya mkazo katika sentensi. Wangewezaje kukipata, nao wamekwisha kukifuta?

Ubora wa History from Below ni kwamba unatenganisha tabaka ambazo tasnifu zetu huzichanganya. Kwanza yapo maandishi yenyewe, jinsi yalivyotoka katika taipu. Pili kuna kisomo: Kalundi Mango aliyasoma maandishi kwa sauti, na sauti hiyo ikanukuliwa, ili yale yaliyofichwa na tahajia yarudi kusikika. Tatu kuna tafsiri ya Kiingereza, na juu yake maelezo na insha ya mhariri. Msomaji anaweza kusimama kati ya tabaka moja na nyingine na kuuliza: kilichomo hapa kimeongezwa na nani?

Katika mazoezi tunatumia njia ifuatayo. Kila kikundi hupewa ukurasa mmoja wa Yav, bila kisomo wala tafsiri. Kazi ya kwanza ni kuyatenga maneno kwa mstari wa penseli, na kuweka alama ya kuuliza kila penye shaka. Hairuhusiwi kubadili herufi hata moja. Zoezi huonekana la kitoto kwa muda wa dakika kumi hivi. Kisha ugomvi huanza. Mwanafunzi aliyetoka Kasai anasoma fungu la herufi kwa njia moja, wa Kolwezi anasoma kwa njia nyingine, na wa Bukavu anawacheka wote wawili. Hapo kila mmoja hutakiwa kuandika sababu yake: neno hilo limeonekana wapi tena katika ukurasa huu? Limeandikwa vipi huko? Sentensi inakuwaje tukikata hapa badala ya pale? Ni baada ya hayo tu ndipo kisomo cha Kalundi kinafunguliwa. Mara nyingi kinawashinda wote, lakini mara nyingine kikundi hukataa kushindwa, na huwa na hoja.

Hoja hizo ndizo tunazozitafuta. Kukubali kwamba kisomo cha Kalundi ni kisomo cha mtu mmoja, msomi mwenye sikio zuri, si sauti ya Yav mwenyewe, ni hatua kubwa kwa kijana aliyezoea kwamba kilichochapwa hakijadiliwi. Kuna pia wataalamu wanaoikabili kazi ya namna hii kwa mlango mwingine. Jan Blommaert, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu uandishi wa watu wa kawaida katika Afrika ya Kati, anasisitiza kuyatazama maandishi kama maandishi: mistari, herufi, mpangilio wa ukurasa, uwezo aliokuwa nao mwandishi na ule aliokosa. Fabian anatafuta sauti nyuma ya karatasi. Blommaert anakaa kwenye karatasi. Mwanafunzi hapaswi kuambiwa nani amepata. Apewe ukurasa, aone kila njia inamfunulia nini na inamficha nini.

Upendeleo, hata hivyo, hauji kwa upande wa Kiswahili sanifu tu. Upo ule wa pili, unaovaa nguo za uzalendo. Kwa mujibu wake, kila kinachotofautiana na Unguja kimetoka Kiluba. Ba- ya batu, tunaambiwa, ni ya Kiluba, na mjadala umekwisha. Lakini ba- ipo pia katika Kibemba, na katika lugha nyingine nyingi za jirani; tena wasemaji wa Bukavu, walio mbali na Kiluba, nao husema batu. Kiambishi hicho peke yake hakiwezi kututhibitishia chanzo. Huenda dai ni la kweli kwa sehemu. Lakini mwenye kulitoa hana budi kwanza kueleza habari ya Bukavu. Tukimzoesha mwanafunzi kuitafuta Bukavu ya kila dai lake, tumempa zaidi ya silabasi kumi.

Tuseme sasa kasoro za kitabu. Kilitoka katika mfululizo wa vitabu unaohusu lugha za krioli, na jina hilo la mfululizo limekwisha kutoa hukumu kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Kama Kiswahili cha Lubumbashi ni krioli au sicho ni swali la kuchunguzwa. Lisiingie darasani kupitia jalada. Pili, maneno “historia kutoka chini” yanahitaji kupimwa. Yav hakuandika kama mtu wa chini asiye na uso. Aliandika kwa ajili ya chama, na chama kina wanachama, na wanachama wana mambo wanayotaka yakumbukwe na mengine wasiyotaka. Mwaka 1965 ulikuwa mwaka wa pili baada ya kwisha kwa utawala wa kujitenga wa Katanga; mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, kwani jina la Lubumbashi lilianza kutumika rasmi mwaka 1966. Nani angeweza kusema nini, mbele ya nani, katika mwaka ule? Maandishi ya mnyonge nayo huulizwa maswali, na kumhurumia mwandishi si sababu ya kumsamehe.

Kasoro ya tatu inatuhusu sisi zaidi kuliko mhariri. Maelezo yote ni ya Kiingereza. Wanafunzi wetu husoma Kifaransa, na tasnifu kuhusu Kiswahili huandikwa kwa Kifaransa. Hivyo mtoto wa Kamalondo analazimika kupitia lugha mbili za kigeni ili afahamu jinsi babu yake alivyotumia njo. Katiba ya mwaka 2006 inaitaja lugha yetu miongoni mwa lugha nne za taifa. Idara zetu bado hazijaamua jambo hilo linamaanisha nini kwa mtu anayeandika tasnifu.

Kuhusu neno lenyewe la kutopendelea, ni vema kukumbuka kwamba Fabian, aliyefundisha katika kampasi hii kati ya miaka 1972 na 1974, alikwisha kutetea mwaka 1971 wazo kwamba ukweli wa utafiti wa uwanjani hautokani na mtafiti kujitenga na watu, bali hujengwa katika mazungumzo baina yao. Baadhi ya wenzetu huona kwamba wazo hilo linafungua mlango kwa kila mtu kusema apendalo. Sisi tunaliona kuwa kali kuliko kanuni ya kujitenga. Mwanafunzi aliyezaliwa ndani ya lugha hii hawezi kujifanya mgeni kwayo, wala haifai ajaribu. Sikio lake ni chombo chake cha kwanza. Anachodaiwa ni kuonyesha njia aliyopita: mkanda uhifadhiwe, nukuu ya kwanza isifutwe, kila herufi iliyobadilishwa iwe na sababu iliyoandikwa kando.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila tasnifu inayotumia mazungumzo yaliyorekodiwa iambatanishwe na nukuu ghafi ya angalau kurasa kumi, pamoja na mkanda wake, na kwamba baraza la watahini lisikilize dakika chache za mkanda huo siku ya utetezi, likiwa na nukuu mkononi. Gharama yake ni ndogo. Mashine ya kusikilizia ipo, na pale ambapo haipo, simu ya mwanafunzi yeyote inatosha.