Sinema ya Bernadette: Imani Haimkimbii Munganga

Sinema The Song of Bernadette ya Henry King ilitoka Marekani mwaka 1943. Ni ya zamani, lakini yafaa bado kutazamwa katika seminari na parokia. Inafuata kitabu cha Franz Werfel, Myahudi aliyepata kimbilio Lourdes mwaka 1940 alipowakimbia Wanazi, akaahidi kwamba akiokoka ataandika habari za binti yule.

Jennifer Jones anamwonyesha Bernadette kwa unyenyekevu. Habishani na wakubwa. Anasema tu aliyoyaona. Kwa hilo tunaisifu sinema.

Lakini kuna jambo la kupima kwa uangalifu. Tangu mwanzo tunaambiwa kwamba anayemsadiki Mungu hana haja ya maelezo, na asiyesadiki hakuna maelezo yatakayomtosha. Kisha mwendesha mashtaka Dutour anawekwa kuwa msemaji wa akili, mtu wa moyo baridi, mpaka ugonjwa wa koo unamleta mbele ya pango. Mtazamaji anaweza kutoka akifikiri kwamba elimu ni adui wa imani.

Eklezya haikutenda hivyo. Askofu Laurence aliweka tume ya uchunguzi mwezi wa Julai 1858, naye hakutoa hukumu mpaka tarehe 18 Januari 1862. Mtaalamu Filhol wa Toulouse aliyapima maji ya chemchemi, akayakuta ni maji ya kawaida. Tangu 1883 iko Lourdes ofisi ya wanganga, na munganga asiyesadiki anakaribishwa kuchunguza. Muujiza wa 70 ulitangazwa mwaka 2018, karibu miaka 10 baada ya mgonjwa kupona. Basi Eklezya haiogopi maelezo, inayatafuta.

Na Bernadette mwenyewe? Katika konventi ya Nevers alitumika akiwahudumia masista wagonjwa na kuwapa dawa. Naye aliugua kifua na goti, akafa tarehe 16 Aprili 1879, mwenye miaka 35. Sinema inamwonyesha akikubali kwamba chemchemi ile si kwa ajili yake. Hapo ndipo inapogusa imani ya kweli, kuliko katika kushindwa kwa Dutour.

Neno hili latuhusu hapa Lubumbashi. Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910 juu ya shaba na mashine. Tunajua nguvu ya mashine. Tunajua pia kwamba haimfariji mjane. Lakini mtoto mwenye malaria akikeshezwa katika chumba cha maombi, asipelekwe Sendwe, hiyo si imani: ni kumjaribu Mungu. Anayekufa ni mtoto, si yule aliyekataza dawa.

Basi, katekista akiisha kuonyesha sinema hii, asiwaache watu waende mara moja. Awaulize: Bernadette alipokuwa mgonjwa, nani alimtunza? Na wagonjwa wa konventi, nani aliwapa dawa? Majibu hayo mawili yatawafundisha mengi.