Jembe linalinda gita

Leo siongee juu ya ugonjwa wa mihogo. Mudogo wangu, tangu tutoke Masisi yuko Goma, anatayarisha Exetat, na kila magaribi yuko na gita mikononi. Juzi akaniuliza: «Yaya, muziki inaweza kunilisha?»

Mbele ya kumujibu, nilikumbuka usiku mmoja kule Walikale, wakati nilikuwa natumika huko. Mu nganda moja kijana mmoja alikuwa anapiga gita. Sauti safi, vidole vya kweli. Wimbo wake ulianza na mama mwenye anakimbia vita, mtoto mugongoni, usiku, mu mvua. Watu wote tukanyamaza. Kisha, katikati ya hadisi, akaanza kuita majina: mnunuzi wa madini, mwenye magari, mwenye hoteli. Kila jina, noti moja kwenye paji la uso. Tulipofika ku jina la saba, yule mama tulikuwa tumemusahau njiani. Wimbo ukaisha, mama hajafika.

Hiyo ndiyo libanga. Neno ni la Lingala, maana yake jiwe. «Kutupa libanga» ni kutaja mtu mu wimbo juu akulipe. Wakubwa wa Kinshasa walitufundisha, na sisi tumepokea bila kuuliza. Watu wengi wanasema ni heshima tu, ni kushukuru wenye kusaidia. Mimi nasema inaharibu kazi yenyewe. Muimbaji haangalie tena hadisi yake inaenda wapi, anaangalia paka nani ameingia mulangoni.

Kwetu Masisi tunajua hesabu hii. Maziwa ya asubuhi, kama hukuyauza, magaribi yamechacha. Unayaachilia ku bei yenye mnunuzi anataka. Lakini maziwa yale yale ukitengeneza fromaji, inakaa, inashuka mpaka Goma. Libanga ni kuuza maziwa barabarani. Unakula leo. Kesho yule tajiri akianguka ao akihama, nani ataomba tena wimbo wa jina lake?

Simulaumu yule kijana. Sheria ya haki za watunzi iko inchini tangu 1986, na shirika la SOCODA la kukusanya franga zao liko tangu 2011. Lakini mu vijiji vyetu, mwenye kujaza nyimbo mu kadi memori ya telefone anakamata franga zake palepale. Mwenye wimbo hapate kitu. Basi noti ya ku paji la uso ndiyo mshahara wenye anauona.

Watu wanamuambia mudogo wangu: «Angalia Innoss'B!» Ni kweli, ni mtoto wa Goma. Mwaka 2019 alirudilia «Yope» pamoja na Diamond Platnumz, na video ile imepita mara milioni 100 ku YouTube. Ukiisikiliza vizuri, hadisi haiko nyingi ndani. Nguvu yake ni mdundo na miguu, na ku kazi ya kuchezesha watu haikosee. Lakini mtu mmoja mwenye amepita si barabara ya wote. Kwa kila mmoja mwenye tunajua jina, wangapi wako mu nganda?

Mimi namuangalia zaidi Jean-Bosco Mwenda wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alirekodi «Masanga» yake kule Jadotville, Likasi ya leo. Mwaka 1969 akafika mpaka ku festivali ya Newport, Marekani. Lakini alikuwa pia mtu wa kazi ya ofisi. Mshahara ulikuwa unatoka pengine. Mpaka leo wapiga gita wa inchi mbalimbali wanajifunza vidole vyake. Ile ni fromaji.

Basi nikamujibu mudogo wangu: «Shika jembe pamoja na gita. Jembe ndiyo italinda gita, juu hakuna mtu atanunua wimbo yako akiwa anajua umelala njaa.»

Akaniangalia. «Yaya, na jembe yenyewe iko wapi? Shamba si tuliiacha kule?»

Nilikosa neno. Mimi mwenye lisanse ya kilimo, nilikuwa nimemupa shauri la mtu mwenye shamba. Kisha tukaongea polepole: kushona, kunyoa, kutengeneza telefone, hata kufundisha gita watoto wa jirani. Jembe si lazima iwe chuma. Ni kazi yoyote yenye inakupa chakula bila kuamuru wimbo wako. Kwa sasa amechagua kushona.

Na sisi wenye tunaita waimbaji ku arusi na ku sherehe za diploma, tuko na sehemu yetu. Tupatane bei mbele, tulipe yote, na tusiombe jina letu ndani. Tumuache yule mama afike.